Kwa nini Bikira Maria ameanguka katika mkao wa mwanawe

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kwa bahati tu kwamba, katika mchoro wa Rogier van der Weyden, mchoraji wa karne ya 15, unaoonyesha Yesu akishushwa msalabani, Bikira Maria aliyezimia amelala katika mkao uleule wa mwili wa mwanawe. Kwa maoni yangu ni kusudi kabisa, kwa sababu waumini wa enzi hizo walifundishwa kwamba mama aliteseka moyoni yale ambayo mwana aliteseka mwilini, imani ambayo Wakatoliki wetu wanaijua kwa jina la Mama wa Mateso.

Mchoro huu wa rangi za mafuta juu ya mbao za mwaloni ulichorwa mnamo 1435 kwa ajili ya chama cha wapiga pinde wa Leuven, mji ulio katika Ubelgiji ya leo, na sasa umo katika makumbusho ya Prado, Madrid. Utazame kwa karibu: mkono wa Maria, uliopauka ingawa una uhai, unaning'inia karibu na mkono wa Yesu wenye jeraha la msumari. Yatazame pia machozi, ambayo mafuta yaliyopakwa kwa tabaka nyembamba yameyafanya yang'ae, kila tone likionekana kama limetoka jichoni sasa hivi.