Cheti kipo, mikono bado: maswali yenu kuhusu mafunzo ya hoteli

Hoteli zinalalamika kuwa wahitimu wetu wana vyeti ila kazi hawaiwezi. Tuanzie wapi? (Mkuu wa chuo, Tanga)

Mwalimu, hesabu mwanafunzi amefanya kazi mara ngapi, usihesabu saa. Darasa la watu 24 na majiko mawili: wawili wanapika, waliobaki wanatazama, na ratiba inasoma "vitendo, muda wa saa nne". Mtu anamaliza mwaka amekaanga mayai mara tatu, wakati mpishi wa asubuhi hotelini anakaanga ya wageni hamsini kabla ya saa nne asubuhi. Gawa makundi: wanne kila jiko, wengine wakate viungo, wahudumu meza, waoshe, kila dakika 40 wabadilishane.

Kisha chagua kazi ishirini za kila siku, kila moja iwe na kiwango na muda. Mfano, chumba ambacho mgeni ameondoka, dakika 30: toa taka na shuka chafu, weka dawa chooni uiache, tandika kitanda, futa vumbi kuanzia juu kushuka chini, rudi umalizie bafu, piga deki ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Wengi hupuliza dawa na kuifuta papo hapo. Dawa ikinyimwa muda ulioandikwa kwenye chupa, vijidudu havifi. Na anayechanganya jiki na dawa ya choo yenye asidi anatengeneza hewa ya klorini, inayochoma mapafu. Hilo lifundishwe siku ya kwanza.

Wanafunzi wa fildi hapa kwetu wanaishia kuosha vyombo. Tuwatumieje? (Meneja, Nungwi)

Kwanza angalia kalenda. Ukipokea vijana Aprili na Mei, masika, wageni ni wachache na hoteli kadhaa za pwani hufunga kwa ukarabati. Watajifunza kusubiri tu. Kiombe chuo kiwalete Julai au Desemba. Mpe kila mmoja msimamizi anayejulikana, maana "wote tutamwangalia" humaanisha hakuna. Wiki mbili au tatu kila idara, na msimamizi asaini daftari kwa kazi aliyoiona ikifanyika, si zote kwa mkupuo siku ya mwisho. Kuosha vyombo wiki ya kwanza hakuna ubaya. Wiki ya sita ni kupata kibarua wa bure.

Mkiweza zaidi ya hapo, zungumzeni na chuo kuhusu uanagenzi, ambapo kijana anapishana kati ya darasa na hoteli kwa muda mrefu. Chuo cha Taifa cha Utalii kimewahi kuuendesha pamoja na hoteli.

Napika miaka kumi sasa, sina cheti. Nianze chuo upya? (Mpishi, Arusha)

Hapana, ndugu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Nenda kituo kilicho karibu, jaza fomu, peleka barua ya mwajiri. Utapimwa kwa vitendo, utafundishwa pale tu ulipopungukiwa, kisha utapewa cheti. Wapishi wazoefu mara nyingi hukwama kwenye usafi wa chakula na kupiga hesabu ya gharama ya sahani. Jiandae hapo.

Bajeti ya karakana yetu ya upishi ni ndogo. Tununue nini kwanza? (Mkufunzi, Mtwara)

Vipimajoto viwili vya kuchoma ndani ya chakula, halafu mbao za kukatia za rangi, nyekundu ikiwa ya nyama mbichi, kijani ya mboga na matunda. Oveni kubwa isubiri.

Kuku apimwe kwenye mnofu mnene, ncha isiguse mfupa: nyuzi 75 za Selsiasi. Wali uliobaki ushuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Ukiachwa kwenye sufuria kubwa lililofunikwa, katikati unabaki vuguvugu usiku kucha, vijidudu vinazaliana na kuacha sumu ambayo kupasha moto asubuhi hakuiondoi. Utandazwe kwenye trei, kina kisizidi sentimita 5, uingie kwenye friji ukishapoa.