Mtoroshe kwa pantoni, siyo kwa bastola

Mdau, umeuliza mhusika wa hadithi yako, aliyekuja kwa mashine ya muda kutoka 2026, atamtoaje yule binti mikononi mwa genge la pikipiki pale Mkuyuni, Mwanza, mwaka 2012, bila risasi kurushwa. Mi naona umesahau silaha uliyonayo: daraja.

Jamaa kichwani ana Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Kwake kuvuka kwenda Sengerema ni dakika chache tu. Basi mpakize binti kwenye pikipiki, wakimbie mpaka Kigongo kwa kujiamini, halafu akute maji matupu. 2012 hakuna hata nguzo! Hapo msomaji lazima ashike kichwa.

Kinachobaki ni pantoni. Ila kuwa makini, pantoni inabeba pikipiki pia. Wahuni wakiwahi, wamepanda wote. Kwa hiyo hawa wawili wawe wa mwisho kuingia. Tuonyeshe mlango wa chuma ukikwaruza zege unapoinuliwa, binti kashika kandambili moja mkononi, mama muuza samaki anamwambia "sogea huku mwanangu" na kumfunika kanga bila kuuliza kitu. Genge limebaki Kigongo linapiga resi za hasira. Kuizunguka Ghuba ya Mwanza kwa barabara ni safari ndefu, watasubiri pantoni irudi.

Ile mashine ya muda mi ningeiharibia Buhongwa, kabla hawajafika Kigongo. Ikiweza kuwarusha popote, mbio zote hizi za nini? (Na wavae helmeti basi, hata kama ni hadithi.)