Je, Eeyore ana sonona?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Nimesoma kwamba madaktari waliwachambua wanyama wa hadithi za watoto za Winnie-the-Pooh wakamkuta kila mmoja na tatizo lake la akili. Je, kitaalamu inafaa niwatumie kuwaeleza wazazi hali za watoto wao?

JIBU: Mwalimu, makala hiyo iliandikwa na wataalamu wa makuzi ya watoto wa Halifax, Kanada, ikatoka Desemba 2000 katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo, nayo iliandikwa kuwachangamsha wasomaji wakati wa sikukuu. Dubu Pooh alipewa upungufu wa umakini, nguruwe mdogo Piglet wasiwasi uliopitiliza, na punda Eeyore disthimia, yaani sonona ya muda mrefu, huzuni sugu.

Tumchukue Eeyore. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili uliotumika wakati huo ulitaka huzuni ya mtoto idumu angalau mwaka 1, imtawale sehemu kubwa ya siku katika siku nyingi, na imtese sana au ivuruge masomo au mahusiano yake. Sasa soma sura ya siku yake ya kuzaliwa, katika kitabu cha Winnie-the-Pooh cha 1926. Piglet anamletea puto lililopasuka njiani, Pooh anamletea gudulia tupu kwa kuwa asali ameshailamba, na punda yule analitumbukiza puto guduliani, analitoa, analirudisha tena, akiwa na furaha tele. Furaha ya namna hiyo pekee haiondoi maradhi, ila mimi nikiiona kwa mtoto humgeukia mama yake nimuulize hutokea mara ngapi, mtoto analalaje, na mabadiliko yalianza lini. Eeyore hana wa kumjibia, wala hana siku nyingine zaidi ya zile alizoandikiwa.

Kwa hiyo watumie wanyama hao darasani, watoto wajifunze kutaja huzuni na hofu kwa majina yake, lakini usimweleze mzazi hali ya mtoto wake kwa kumfananisha nao. Mtoto akishaitwa Tigger, yule chui wa hadithi hizo asiyetulia, jina hilo litamfuata hadi darasa la saba, na huenda kinachomfanya asitulie ni sikio lisilosikia vizuri au usiku asiolala. Mpe mzazi ulichokiona: kwa muda wa wiki mbili andika alifanya nini, saa ngapi na katika somo gani, umuulize kama nyumbani ni hivyo hivyo, kisha waende na karatasi hiyo kituo cha afya, waanze kwa kupimwa macho na masikio.