Nichapie Wapi Kitabu Changu, Huku au Mtandaoni?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina mkusanyiko wa hadithi, kurasa 200, ndani maandishi meusi tu hamna picha. Rafiki yangu anasema nipeleke Amazon nisisumbuke, mwingine anasema IngramSpark ndo ya maana, halafu mchapaji wa hapa mjini anataka nitoe oda ya kopi 500 ndo anipunguzie bei. Hela ya kopi 500 sina. Nichague ipi? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera kwa kufika ukurasa wa 200 maana wengi wanaishia wa 30. Ila kuna swali hao rafiki zako hawajakuuliza, nani atanunua hicho kitabu na siku anakinunua atakuwa yuko wapi? Kama ni wanafunzi wako, walimu wenzako, watu wa kanisani na ndugu walioko Dar na Dodoma, basi Amazon sio duka lao, kitabu kitachapwa Marekani au Ulaya halafu kisafirishwe hadi Morogoro na hiyo nauli inaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Nani atalipa? Hata wewe mwandishi ukiagiza kopi zako kwa bei ya kuchapa tu, usafiri uko palepale.

Nikupigie hesabu uone. KDP, ndo huduma ya Amazon ya kuchapa kitabu kimoja kimoja kila mteja anapoagiza, kitabu cha kurasa 200 cha wino mweusi saizi ya kawaida kinachapwa Marekani kwa dola 1 pamoja na senti 1.2 kwa kila ukurasa, jumla dola 3.40. Ukikiuza dola 10 unapewa asilimia 60 yaani dola 6, wakitoa gharama ya kuchapa unabaki na 2.60. Halafu sisi Tanzania hatuna mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya kule unakatwa asilimia 30, mkononi inakuja kama 1.82. Na usije ukasema ngoja nishushe bei hadi dola 9 nivutie watu, tangu Juni 2025 kitabu cha chini ya dola 9.99 wanakipa asilimia 50 tu, ungebaki na 1.10 kabla hata ya kodi! Pia KDP wana orodha ya lugha wanazozipokea, ifungue uisome kabla hujapoteza wiki nzima kupanga kurasa.

IngramSpark nao ni kampuni ya nje ya kuchapa kitabu kinapoagizwa na kukisambaza, uzuri wake ni maduka na maktaba za nje, na tangu 2023 hawatozi tena hela ya kupandisha kitabu. Lakini duka linataka lipewe punguzo kubwa, watu wengi wanaweka asilimia 55, na hapo mwandishi anabaki na kidogo sana. Kwa hadithi zinazosomwa Morogoro sioni sababu.

Kwako wewe mimi ningetafuta mchapaji wa hapahapa nchini mwenye mashine ya dijitali, sio ya ofseti, anayekubali kopi 30 au 50. Ofseti ndo inayodai 500 maana gharama yake kubwa iko kwenye kutengeneza pleti, yaani mabamba ya kuchapia, ukichapa chache kila kopi inabeba mzigo mkubwa. Dijitali haina pleti, bei ya kopi moja iko juu kidogo ila haulali na maboksi chumbani. Uza 50, hela hiyohiyo chapa 50 nyingine.

Ila usilipe zote kabla hujashika kopi moja, hili nalisisitiza kwa sababu liliniuma. Kitabu changu cha kwanza nililipa hela yote mbele, vikaja vizuri vinang'aa, baada ya miezi miwili wasomaji wakaanza kunipigia simu kwamba kurasa zinachomoka, gundi ilikuwa nyepesi na mchapaji hakupokea tena simu yangu. Nililia. Siku hizi naomba kopi moja ya mfano, naifungua katikati naibonyeza ilale mezani, naiacha siku mbili kwenye joto, naifungua tena. Ikitoa ukurasa hata mmoja naondoka.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, chukua ya kwako kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ya bure ya KDP inafanya kazi kwao tu, ukihamia kwa mchapaji mwingine huendi nayo. Na faili za PDF za ndani na za kava mdai anayekupangia kurasa akupe zote, ni mali yako.

SWALI: Dada mie niko Leicester, Uingereza, nimeandika mapishi ya Unguja ya bibi yangu, kurasa 120, picha za rangi 12. Wanunuzi wangu wako huku na Marekani. Nami nichape Tanzania? – Mjukuu wa Bibi

JIBU: Hapana mpenzi, wewe ndo KDP inakufaa, wanachapa hukohuko Uingereza na Marekani. Tatizo ni hizo picha, ukiweka hata moja ya rangi kitabu kizima kinahesabiwa bei ya rangi, kurasa zote 120. Kwa hiyo amua, picha ziwe nyeusi na nyeupe na rangi ibaki kwenye kava, au uziongeze ziwe nyingi ili mteja aone thamani ya bei hiyo. Na kava usilifunge kabla idadi ya kurasa na aina ya karatasi havijatulia, maana karatasi ya krimu ni nene kuliko nyeupe, ukibadilisha mwishoni mgongo wa kitabu unabadilika upana na jina la bibi linahamia pembeni. Agiza kopi ya majaribio kwanza, angalia rangi ya pilau kwa macho yako, kwenye skrini inang'aa zaidi kuliko kwenye karatasi.