Usipake mafuta ya ganda la korosho kwenye magaga, hata tone

Dada, hiyo chupa ifunge kizibo uitoe chumbani unakolala na watoto. Ukishaitoa, nawa mikono kwa sabuni, halafu urudi usome.

Kwa wanaoingia sasa hivi: dada yetu wa Newala ana magaga. Visigino vimekakamaa, vimepasuka mpaka vinanasa shuka usiku, na mwezi ujao nyumbani kwao wanamtoa mwali, atacheza ngoma peku mbele za watu. Shangazi yake kamletea mafuta meusi ya maganda ya korosho, kamwambia apake usiku, afunge na mfuko wa nailoni, asubuhi gaga lote litabanduka lenyewe. Anauliza apake siku ngapi, afuatishie losheni gani, na kama mwanawe mwenye miguu mikavu naye apakwe.

Jibu la siku ngapi ni hakuna. Mtoto ndiyo kabisa, yale mafuta yasimkaribie.

Mimi nilipaka. Ilikuwa msimu wa kuokota korosho, mwanzo mwanzo, mabibo yameanza kuanguka na shamba linaniita kila alfajiri. Visigino vyangu vilikuwa na mipasuko ya kuingia mchanga, na mchanga wetu wa Tandahimba ukiwaka jua la saa sita hauna huruma na mtu mwenye ufa mguuni. Gulioni palikuwa na jamaa kapanga chupa za soda zilizojaa mafuta meusi, ana kipaza sauti, anasema yale yanamaliza magaga, sugu, chunjua na fangasi, vyote kwa mara moja. Nikamuuliza kama hayaunguzi, maana mama yangu mzazi amebangua korosho miaka mingi na vidole vyake navijua. Akanijibu: "Yamechemshwa hayo, ukali umeisha. Na yakiuma kidogo ujue yanafanya kazi."

Hayo maneno "yakiuma ujue yanafanya kazi" ndiyo yanayonipandisha hasira mpaka leo nikiyasikia kwa mtu yeyote. Yamewaharibu watu wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu anauza kitu kinachochoma, halafu anakufundisha kabisa kwamba kuchomwa ndiyo dalili ya kupona, ili mwili wako ukipiga kelele usiusikilize. Siku nyingine utaambiwa hivyo hivyo kuhusu maji ya betri.

Jioni nikaosha miguu, nikapaka, nikafunga nailoni, nikavaa soksi juu yake. Na hapa ndipo panapodanganya, dada, soma polepole: usiku ule sikusikia kitu cha maana. Ngozi ya kisigino ni nene, inachelewa kutoa habari. Lakini mafuta hayakai pale ulipoyaweka. Ukifunga na nailoni mguu unatoa jasho, mafuta yanalainika, yanatiririka mpaka katikati ya wayo ambako ngozi ni nyororo, yanazunguka pembeni, yanapanda kwenye kifundo, yanaingia kati ya vidole. Na ndani ya ile mipasuko yanazama moja kwa moja kwenye nyama, kwa sababu ufa hauna ngozi ya kuuzuia.

Asubuhi palikuwa pameanza kuwasha. Nikakumbuka "yakiuma kidogo", nikaenda shamba. Kesho yake ngozi ya pembeni mwa kisigino ilikuwa nyeusi kama imepitiwa na moto, na katikati ya wayo, pale ambapo sikupaka kabisa, yamejipanga malengelenge yenye maji ya njano. Kuna moja lilianzia chini ya kifundo likazunguka mpaka nyuma, likaungana na jingine. Lilipopasuka, ngozi ilitoka kipande kizima, chini yake pekundu, panavuja. Na jicho langu la kulia lilivimba likafumba, kwa sababu usiku ule nilijifuta uso na mkono uleule niliopakia. Gaga? Gaga lilitoka kweli, lakini liliondoka na nyama iliyolishikilia.

Sikuweza kukanyaga. Nilikwenda chooni kwa magoti, mkubwa mzima. Na korosho hazikungojei upone. Zinaanguka, zinalala chini, mvua ya kwanza ikizikuta zinaloana, zinapata madoa na ukungu, ukifika chama cha msingi cha ushirika tunakouzia zinashushwa daraja. Nikalazimika kutafuta watu wa kuokota, nao msimu ukiwa umechanganya hawapatikani kwa bei ya kawaida. Zilizookotwa nikagawana na vibarua, zilizobaki chini zikaharibika. Palizi, dawa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na jasho la mwaka mzima vyote vilikwenda na mafuta ya chupa ya soda. Sitaki yakukute wewe kwa ajili ya ngoma ya siku mbili.

Nilipopelekwa zahanati, nesi aliniuliza swali moja tu: "Umepaka nini, korosho?" Hakushangaa hata kidogo. Kumbe kila msimu anawapokea.

Sasa nikueleze kwa nini, maana shangazi yako atakuja na hoja kwamba bibi zetu walitumia. Ganda la korosho lina matabaka mawili, katikati yake kuna vitundu vitundu kama sega la nyuki, na humo ndimo mafuta yanapokaa. Mti umeyaweka kulinda kiini kisiliwe. Ndani yake mna asidi ya anakadi na kitu kingine kinaitwa kadoli, na vyote viwili vinababua ngozi. Ndiyo maana wanaobangua kwa mikono wanapaka majivu au mafuta kwenye vidole kabla ya kuanza, na hata hivyo vidole vinaungua na kubambuka. Ndiyo maana ukichoma korosho kwenye bati, ganda likianza kutema mafuta na kuwaka, moshi wake unakukimbiza. Viwandani mafuta hayo yanatengenezewa rangi, vanishi na bitana za breki za magari, na watu wanayapaka kwenye mbao ili mchwa wasile. Kitu ambacho mchwa anakikimbia wewe unataka ukifunge na nailoni kwenye kidonda.

Na ile habari ya "yamechemshwa" isikutie moyo. Moto unapunguza hiyo asidi, lakini haumalizi ukali, kadoli inabaki. Mama yangu hajawahi kubangua korosho mbichi, zote huwa zimepita motoni, na vidole vyake vimeungua vile vile.

Jambo jingine ambalo hakuna muuzaji atakwambia: mwili ukishayachukia mafuta haya, hausahau. Mara ya pili unaungua haraka kuliko ya kwanza, hata kwa tone dogo. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na utomvu wa embe una vitu vinavyofanana na hivi. Mimi niliyekua nikimenya maembe kwa meno, sasa ganda lake likinigusa midomo inavimba. Naomba kumenyewa kama mtoto.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na naomba uishike hata ukisahau mengine yote: kitu kinachobabua mkono wa mbanguaji kisiguse kisigino chako. Gaga halichomwi wala halikatwi. Linaloweshwa, linasuguliwa kidogo kidogo, linapakwa mafuta mguu ukiwa bado na unyevu. Wembe nao uache. Utakata leo kwa furaha, kesho ngozi inarudi nene zaidi, na siku mkono ukiteleza unapata kidonda cha kuingiza pepopunda.

Sababu ya gaga ni ukavu. Nyayo na viganja havina tezi za mafuta kama ngozi ya sehemu nyingine, zina jasho tu. Upepo wa kusi huu unakausha, mchanga unakausha, sabuni ya mche inakausha, na malapa yaliyo wazi nyuma yanaacha nyama ya kisigino itanuke pembeni kila unapokanyaga. Ngozi nene iliyokauka haivutiki, ikitanuliwa inapasuka. Sasa ukiichoma ipungue, mguu unajibu kwa kuota ngozi nyingine nene kujilinda. Ukiirudishia maji na mafuta, inalegea.

Najua Newala maji ni ya shida, wala sikwambii ujaze beseni. Maji ya vuguvugu ya kufunika visigino tu yanatosha, hata kwenye karai dogo, dakika kumi hadi kumi na tano, usizidishe. Usitie magadi, usitie limao, usitie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Chukua dodoki au jiwe la kusugulia miguu, sugua kwa upande mmoja taratibu, ukiona panaanza kuwa pekundu acha, kesho ipo. Futa kwa kugusagusa na kitambaa, usikaushe kabisa. Hapo hapo, kabla hujasimama, paka mafuta ya mgando kwa wingi mpaka yaingie kwenye mipasuko. Mafuta kazi yake ni kufungia maji ndani, sasa ukipaka mguu mkavu unafungia ukavu. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, wanaoga, wanapiga stori barazani nusu saa, wanakuja kupaka, halafu wanasema mafuta ya mgando hayasaidii.

Ukikosa ya mgando, ya nazi au ya ufuta yanafaa, ila ni mepesi, yanataka kurudiwa asubuhi. Vaa soksi za pamba ulale. Mipasuko ikishaziba, famasi ulizia krimu yenye yurea. Ya asilimia 10 ni ya kila siku, ya 20 au 25 ni ya kisigino kilichokakamaa sana. Usianze nayo ufa ukiwa bado mbichi, itakuwasha, anza na mgando kwanza. Siku chache tu utasikia shuka halinasi tena. Kulainika vizuri kunataka wiki kadhaa, kwa hiyo mwezi ulionao unakutosha ukianza leo.

Kuna kitu nesi alinifanyia kabla hajagusa vidonda, na wewe jifanyie au mwombe mtu. Alinifumba macho akanigusa wayo kwa pamba, hapa na pale, akiniuliza "wapi?". Akaniuliza kama nina sukari. Mtu mwenye sukari anaweza kuwa na ganzi miguuni, ufa ukaoza asijue, na ndiye anayepaka mafuta ya korosho asisikie chochote mpaka nyama ianze kunuka. Akaangalia pia mabaka ya ngozi yaliyofifia rangi yasiyo na hisia, kwa sababu ukoma huku kusini bado upo, na mguu mkavu unaopasukapasuka na kufa ganzi unaweza kuwa dalili yake. Dawa zake ni za bure na unapona, ukiwahi. Kwa hiyo ukiguswa na pamba usisikie, achana na mambo ya dodoki, nenda zahanati, wao wakiona haja watakuandikia uende Ligula, hospitali ya rufaa ya Mtwara.

Na kama kwenye mistari ya wayo kuna weupe kama unga, kunawasha kati ya vidole, au kucha zimenenepa, hayo si magaga matupu, ni fangasi. Mafuta peke yake hayatatosha, utahitaji krimu ya fangasi kama klotrimazoli, upake mpaka wiki walizokuandikia ziishe, hata kama kuwasha kumekoma mapema.

Umesema shangazi atakasirika usipotumia alichokuletea. Mwambie kwa heshima: "Shangazi, ahsante, nimeyaweka." Akikubishia sana mwonyeshe huu uzi, au mwombe apake kwanza kwenye kidole chake kimoja. Ninavyowajua shangazi zetu waliobangua, hatakubali, na hapo mazungumzo yatakuwa yameisha.

Na kama umeshapaka kabla ya kuuliza, maana wengi tunauliza baada, fungua nailoni sasa hivi. Pangusa mafuta kwa kitambaa kikavu kwanza, kitambaa ukitupe, halafu osha kwa sabuni na maji mengi, hapa usiyaonee huruma maji. Nawa mikono na kucha kabla ya kugusa uso au kumshika mtoto. Soksi na shuka zilizogusa zifuliwe peke yake. Yakitoka malengelenge usiyatoboe, funika na kitambaa safi, nenda zahanati uwaambie ukweli ni korosho, usione aibu, na uliza kama unahitaji sindano ya pepopunda. Likivimba jicho usingoje kesho.

Chupa usiimwage uani wala jikoni, ile kitu inashika moto na watoto wanachezea kila kinachong'aa. Kama kuna fundi seremala jirani anayetibu mbao, mpe yeye. Na kwenye ngoma, ukifika uvae viatu vilivyofunika kisigino mpaka zamu yako ya kucheza, uvivue hapo.