Weka chini hilo kopo: HTH haichanganywi kama Jik

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza kazi za msimamizi wa IPC (kuzuia maambukizi) kwenye kituo cha afya, kozi ya kusoma na posho. Mimi nimekwama uliposema Jik, dawa ya klorini ya maji, imeisha hapo Newala, mmeletewa ndoo ya HTH, klorini ya unga, na "tutaendelea na moja kwa sita kama kawaida". Kawaida ya nani?

Moja kwa sita, yaani sehemu moja ya dawa kwa sita za maji, ni ya dawa yenye klorini asilimia 3.5 tu, kama Jik. Unataka mchanganyiko wa asilimia 0.5: gawanya 3.5 kwa 0.5 upate 7, toa 1, ndizo hizo sehemu 6 za maji. Dawa ya asilimia 5 inataka sehemu 9. HTH ni unga wa asilimia 65 hadi 70: gramu 7 kwa lita, yaani kama gramu 140 kwa ndoo ya lita 20. Ukichota kikombe cha unga kwa vikombe sita vya maji umetengeneza harufu ya kuhamisha wodi nzima, na mhudumu wa usafi ndiye atakayeanza kukohoa.

Lawama ni za wawezeshaji wa semina wanaokaririsha watu "moja kwa sita" kama wimbo wa chekechea, bila kusema moja ya nini. Bango limebandikwa, chai imenywewa, hao wameondoka.

Maji yatangulie, unga ufuate, kamwe usigeuze. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko, madirisha wazi, glavu nene, miwani. Chembe nyeupe zitabaki chini. Ziache zitulie, tumia maji ya juu. Andika asilimia, tarehe na saa ubavuni mwa ndoo. Saa 24 zikipita mwaga, na yakichafuka mwaga mapema. Maji ya kisima cha mvua yakiwa na tope yachuje kwanza, maana uchafu hula klorini. Ndiyo sababu damu sakafuni hufutwa kwanza, ndipo 0.5 ikae dakika 10. Mikasi ukiilaza humo usiku kucha, asubuhi kutu imeshaingia kwenye maungio, na bado haijatakaswa: pakiti ya vifaa iliyofungwa inataka otoklevu (mashine ya mvuke), nyuzi 121, dakika 30.

Na Jik ikirudi, isikae dirishani. Jua na joto la Mtwara huila nguvu huku lebo ikiendelea kusema 3.5.

Niiteni polisi wa ndoo, nimezoea. Kazi zingine: mikono, taka, sefti boksi (ya sindano zilizotumika) isijae kupita robo tatu. Soma asilimia, kokotoa, ndipo uchanganye. Posho muulize katibu wa afya. Mzani wa gramu mnao hapo? Piga picha lebo ya hiyo ndoo uitupie hapa kabla hujaifungua.