Tisheti kubaki na mraba wa dawa: yaliyonikuta mimi Kisumu

Ndugu wa Nakuru umeuliza mambo mawili: mbona tisheti zako nyeusi zinatoka na mraba kuzunguka picha, na mbona nyekundu zinageuka maruni pale ilipogusa dawa, yaani yale maji tunayopuliza kwenye tisheti na kuyakausha kabla ya printa kuchapa picha kwa wino. Kisha ukauliza kama ubadilishe dawa. Usinunue nyingine kwanza. Mimi nilinunua aina tatu kabla sijakubali kwamba kosa lilikuwa mkononi mwangu.

Nina kibanda Kisumu, upande wa Kibuye, na kazi inayonilisha ni tisheti za matanga. Picha ya marehemu kifuani, jina na miaka chini yake, nyeusi au maruni, thelathini au hamsini, na zinatakiwa Ijumaa kwa sababu mazishi ni Jumamosi. Hakuna nafasi ya kufua wala kurudia. Siku moja mama mmoja alikuja kuchukua za mumewe. Akainua moja, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza hivi na hivi. "Mwanangu," akasema, "jeneza lake liko mochari. Hili lingine umemwekea la nini?" Nikatazama. Kweli, mzee alikuwa ndani ya sanduku la rangi ya majivu, kona nne zimekaa sawa. Nilimrudishia pesa za kumi na mbili, na hizo kumi na mbili bado ninazo, ndizo ninazofanyia majaribio.

Kabla ya yote, chukua rula upime huo mraba. Ukilingana na bamba la presi, ile mashine ya joto ya kubania nguo, hiyo si dawa, ni presi: imelaza vinyweleo vya pamba na kitambaa kinang'aa. Pitisha mvuke wa pasi bila kugusa, piga brashi laini, itaondoka. Lakini ukifuata pale ulipopuliza, endelea kusoma.

Dawa kazi yake ni kuzuia wino mweupe usizame kwenye pamba. Ndani yake kuna chumvi, mara nyingi ya kalsiamu, na wino ukiikuta unaganda pale pale juu, kama maziwa yaliyokamuliwa ndimu. Sasa angalia kofia ya mtu wa boda jioni: jasho limekauka, na ule mstari mweupe haupo katikati, uko ukingoni. Maji yanapokauka yanaisukuma chumvi kwenye mpaka wa penye maji na pakavu. Tisheti yako inafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana ukipiga dawa ikakatika kama imekatwa kwa makasi, umejichorea fremu mwenyewe.

Tiba yangu ya kwanza kwa tatizo hilo ni mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki. Napima tisheti kavu, napuliza, napima tena. Nilipoanza kupima niligundua kwamba kwa picha ya ukubwa wa A4 nilikuwa nikitia gramu 30 na zaidi, jicho linaniambia bado. Siku hizi natua kwenye 14 hadi 16 na weupe umetulia vizuri tu. Dawa yako inaweza kutaka nyingine kidogo, soma kibandiko, lakini anza chini upande taratibu. Kitambaa kiwe na unyevu sawasawa. Kikianza kumeta na kuteleza, umeshapita. Na ukimaliza, chukua chupa nyingine yenye maji yaliyosafishwa peke yake, upulize ukungu mwepesi kuzunguka ukingo, upana wa vidole vitatu hivi, ili mpaka ufifie badala ya kukatika. Hili dogo ndilo lililoniokoa kuliko mengine yote.

Nimesema maji yaliyosafishwa. Kwenu Nakuru maji mengi yana floraidi na madini mengine, meno ya watu yanatoa ushahidi, na madini hayo yakikauka juu ya nyeusi yanabaki. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, ila soma chupa mara mbili: kuna maji ya kuongezea na kuna asidi, na baadhi ya wauzaji huviita vyote viwili "maji ya betri". Asidi itakula nguo na vidole.

Halafu presi. Hapa ndipo wengi tunakosea kwa haraka. Tisheti iliyoloa ukiifungia presi ghafla, mvuke unakosa pa kutokea, unakimbilia pembeni na kubeba dawa. Mimi nashusha bamba mpaka libaki kama kidole kimoja juu ya nguo, nasubiri nusu dakika nione moshi ule wa maji ukipungua, ndipo nafunga. Nyuzi 165, sekunde 20, nafungua, mvuke unatoka, nafunga tena 15. Ukigusa na kuhisi ubaridi wowote, bado ina maji. Kisumu msimu wa mvua hewa ya ziwa ni nzito, basi hata tisheti mpya kutoka kwenye mfuko wake naikausha sekunde chache kabla ya kupuliza. Huko kwenu hewa ni kavu zaidi, tatizo lenu ni vumbi.

Usiamini namba inayoonyeshwa na presi. Yangu iliandika 165 na kumbe katikati ilikuwa inapita 180. Niliazima kipimajoto cha kulenga, kile kinachopima bila kugusa, kutoka kwa fundi wa friji ndipo nikajua. Na hapo tunafika kwenye nyekundu zako. Rangi nyingine haziwezi joto: nyekundu, buluu ya bahari, zambarau, kijivu. Zikitoka kwenye presi zimebadilika, ziache zipoe saa moja, nyingi hurudi. Zisizorudi ni zile ambazo rangi yenyewe haipatani na dawa, au kitambaa kina poliesta na rangi yake imepanda kwa joto. Huwezi kujua kwa macho. Mzigo wa leo unaweza kukubali na wa mwezi ujao, rangi ileile, duka lilelile, ukakataa. Kwa hiyo kila mzigo nachukua tisheti moja, napuliza kidoa ndani ya pindo la chini, napiga presi. Ikigeuka, nashusha hadi 150 na kuongeza muda. Ikigeuka tena, namwambia mteja achague rangi nyingine kabla hajalipa.

Jambo jingine lililonisumbua wiki nzima: karatasi ya kuokea ninayoweka juu ya nguo. Nilikuwa naitumia ileile kutwa nzima ili kubana matumizi. Dawa inaganda juu yake, na tisheti ya ishirini inapokea mraba wa ile ya kumi na tisa, umekaa kombo kidogo. Ndiyo maana unaona alama mbili zisizolingana. Geuza mara moja, kisha tupa.

Pua ya chupa ioshe kwa maji ya uvuguvugu kila jioni, la sivyo asubuhi inatema matone badala ya ukungu, na kila tone ni doa lake.

Zilizoharibika tayari usitie jiki. Futa ukingo kwa kitambaa cheupe chenye maji yaliyosafishwa, kausha kwa presi iliyoinuliwa. Isipotoka, ikishapita siku moja ifue kwa maji baridi. Dawa iliyobaki huondoka kwa kufuliwa. Ile iliyoungua haitoki, hiyo ifanye ya majaribio kama zangu kumi na mbili.

Ile nyekundu igeuze ndani nje upige picha upande wa nyuma wa kitambaa. Nataka kuona dawa imepenya kiasi gani kabla sijakwambia upunguze gramu ngapi.